Injini ya Mashua Tutafika

Sogea karibu, mwanangu. Vuta shuka. Leo twende ziwani, ila tutembee polepole, maana huko kuna mama aliyechoka.

Kando ya Ziwa Nyasa, chini ya milima mirefu, palikuwa na nyumba ndogo. Ndani yake aliishi mtoto mmoja. Jina lake Tumpe.

Tumpe alikuwa na miaka sita. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka. Akicheka, ulimi ulichungulia.

Aliishi na Mama, na Bibi, mama yake Mama. Na kuku watano.

Mama alikuwa mfinyanzi. Alifinyanga vyungu vya kupikia maharage. Alifinyanga mitungi ya kupozea maji.

Jumatatu Mama alichimba udongo. Du! Du! Du!

Jumanne aliukanyaga kwa miguu mpaka ukalainika. Chapa, chapa, chapa.

Jumatano alifinyanga. Alhamisi alisugua vyungu kwa jiwe laini mpaka vikang'aa. Sss, sss, sss.

Ijumaa alivichoma. Moshi uliingia machoni, Mama akakohoa. Kho! Kho!

Jumamosi alivipeleka sokoni.

Na Jumapili? Jumapili Mama alisema atapumzika. Lakini nguo chafu zilikuwa zinamngoja.

Kwenda sokoni hakukuwa na barabara. Milima ilikuwa imesimama hadi majini. Basi Mama alikwenda kwa mashua.

Ilikuwa mashua ndogo, yenye tanga la viraka saba. Ubavuni iliandikwa jina lake kwa rangi ya buluu. TUTAFIKA.

Asubuhi upepo ulisukuma tanga. Fuuu! Mashua ikaenda.

Mchana upepo ulichoka. Tanga likaning'inia kama nguo kwenye kamba. Basi Mama akashika kasia. Chubwi... chubwi... chubwi...

Njia nzima. Chubwi... chubwi... chubwi...

Jua lilizama. Kuku waliingia bandani. Ndipo Tumpe na Bibi, wakiwa ufukweni, waliona tanga lililolegea likija.

"Mama, umefika!" Tumpe alipiga kelele.

"Si niko ndani ya Tutafika?" Mama alijibu, kwa sauti ndogo.

Alishuka. Mikono imechoka. Mgongo umechoka. Hata kivuli chake kimechoka.

Baada ya kula, Tumpe na Mama walilala kitanda kimoja. Tumpe alisema, "Mama, hadithi ya konokono."

Mama akaanza. "Konokono alitoka asubuhi kutafuta nyumba. Akaenda, akaenda. Akafika kwa chura. Akasema, si hapa. Akaenda, akaenda. Akafika kwa kuku. Akasema, si hapa. Jua likazama. Konokono akasimama. Akasema..."

"Akasema nini, Mama?"

"Akase... Aka..."

Hhhhh... pfuuu. Hhhhh... pfuuu.

Mama amelala.

Tumpe alimfunika shuka mpaka mabegani. Alijua si kwamba Mama hataki. Macho yake ndiyo yaliyokataa.

Kesho yake Mama akaanza tena. Konokono akaenda kwa chura. Si hapa. Akaenda kwa kuku. Si hapa. Jua likazama. Konokono akasimama. Akasema...

Hhhhh... pfuuu.

Na kesho yake tena.

Hhhhh... pfuuu.

Konokono hakusema neno.

Asubuhi moja, Tumpe alimwuliza Bibi. "Bibi, konokono alisema nini?"

Bibi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. "Mimi sijui, mwenzangu. Hadithi hiyo mama yako ameitunga mwenyewe. Mwisho wake anao yeye."

"Sasa atanimalizia lini?"

Bibi aliutazama mchele. Kisha akalitazama ziwa.

"Siku atakayofika nyumbani na jua," alisema.

Siku ile Bibi alivaa kanga yake nzuri. Akachukua fimbo. Akapanda njia ya mashambani, taratibu, mpaka kwa mwanawe, Mjomba Lwitiko. Alirudi jioni. Alikaa chini, akanyoosha miguu, akasugua magoti.

"Ulikwenda kufanya nini, Bibi?"

"Kusalimia tu," alisema Bibi.

Ijumaa alasiri, Mama alikuwa anatoa vyungu kwenye majivu. Mara, huyo, Mjomba Lwitiko! Magoti yake yalikuwa na matope ya mpunga. Begani alibeba kitu kizito, kimefungwa kwa gunia.

Mjomba Lwitiko alikuwa mnene. Tumbo lake lilitangulia, yeye akalifuata.

"Lwitiko," alisema Bibi, "tumbo limeshafika. Wewe utafika saa ngapi?"

"Limetangulia kusalimia, Mama," alijibu Mjomba. "Shikamoo."

"Marahaba. Karibuni nyote wawili."

Tumpe akacheka mpaka ulimi ukachungulia.

Mjomba alitua mzigo. Puu! Akafungua gunia. Ndani mlikuwa na injini. Ilikuwa injini ya mashua, kuukuu, yenye rangi iliyobanduka.

"Nilikuwa navulia nayo," Mjomba alimwambia Mama. "Sasa mimi ni mtu wa mpunga. Miaka miwili imelala chini ya kitanda. Wifi yako kila asubuhi anaikwaa kwa kidole. Chukua, dada yangu. Umwokoe mwenzako."

Mama aliitazama injini. Aliitazama muda mrefu. Akafuta mikono yake yenye majivu, akafuta na macho.

"Kaka," alisema, "na wewe umetoka shambani sasa hivi. Kaa kwanza. Pumzika."

"Nikikaa nitalala," alisema Mjomba. "Nikilala, kesho utapiga kasia."

Basi hakukaa.

Walikwenda ufukweni wote wanne. Tutafika ilikuwa imevutwa mchangani.

Mjomba aliizunguka mashua. Akaizunguka tena. Akajikuna kichwa. Nyuma ya Tutafika palikuwa pembamba, kama mbele. Injini ingekaa wapi?

"Tutaitengenezea kiti," alisema Mjomba.

"Injini inakaa kwenye kiti?" aliuliza Tumpe.

"Inakaa. Kiti chake ni ubao. Na mimi nataka mtu wa kunishikia nati. Zikianguka mchangani, hatuzioni tena."

"Mimi!" alisema Tumpe.

Alikimbia nyumbani. Akaleta chungu kidogo, kidogo kama ngumi ya Mama. Mjomba akatia nati nne ndani. Kili-kili-kili-kili! Tumpe akakikumbatia.

Mjomba akakata ubao kwa msumeno. Kwii-kwaa. Kwii-kwaa.

Akapumua. Huu!

Akaendelea. Kwii-kwaa. Kwii-kwaa.

Kisha akaingia ndani ya mashua. Akakaa nyuma kabisa, pwata! Akainama, akapima kwa mkono. Akachora alama kwa kipande cha mkaa.

"Ubao utakaa hapa," alisema.

Akatoboa matundu. Akapitisha bolti.

"Nati ya kwanza!"

"Hii hapa, Mjomba."

"Nati ya pili!"

"Hii hapa, Mjomba."

Ya tatu. Ya nne. Mjomba akakaza kwa spana. Kri, kri, kri.

Sasa ilibaki kuipandisha injini. Mjomba akashika huku. Mama akashika huku.

"Moja, mbili... hiii-haa!"

Injini ikapanda kidogo. Ikashuka.

"Tupumzike," alisema Mjomba. Wakapumzika. Bibi akawapa uji wa kunywa, kila mmoja kikombe. Cha Mjomba kilijaa zaidi.

"Moja, mbili... hiii-haa!"

Injini ikakaa kwenye kiti chake. Ikashika ubao kwa mikono yake miwili ya chuma.

"Tuweke kitu laini hapa kwenye mikono," alisema Mjomba. "Isije ikateleza."

Tumpe akaleta kandambili zake za zamani. Zilikuwa zimemwia ndogo. Mjomba akakata vipande viwili, akaviingiza. Injini ikashika ubao vizuri, kama mtu aliyevaa viatu vya kumtosha.

Bibi naye akaleta kamba. Akaifunga kwenye injini, akaifunga na kwenye mashua. Akavuta fundo kwa meno.

"Ziwa hili nalijua," alisema Bibi. "Likipokea kitu halirudishi."

Wakaisukuma Tutafika majini. Mjomba akapanda, akakaa nyuma, pwata! Akavuta kamba ya kuwashia.

Krrr! Kimya.

Krrr! Kimya.

Krrr... tu-tu-tu-tu-tu!

Tutafika ikaondoka! Ikaenda mpaka kwenye jiwe jeusi. Ikageuka. Ikarudi. Mama alipiga makofi. Bibi alipiga vigelegele. Tumpe aliruka na chungu chake kitupu.

Mjomba aliposhuka, alijilaza kwenye mkeka, spana mkononi. "Nafumba macho kidogo tu," alisema.

Hhhhh... pfuuu.

Tumpe aliichomoa spana ile mkononi mwake, taratibu. Akaiweka pembeni. Bibi akamfunika kanga miguuni, mbu wasimuume.

Wakati wa kulala, Tumpe alisema, "Mama, konokono."

"Kesho," alisema Mama. "Kesho nitafika na jua. Kesho atasema."

"Kweli?"

"Kweli, mwanangu."

Jumamosi ikafika. Na leo, Mama alisema, Tumpe naye ataenda sokoni!

Bibi alimvalisha koti la kuelea, la rangi ya chungwa. Lilimfika magotini.

Mama alipakia vyungu. Alivipanga mbele, kwenye nyasi kavu visigongane. Vyungu kumi na viwili. Mitungi minne.

Vyungu vilikaa mbele siku zote. Mama alikaa nyuma, akaviangalia njia nzima, kama mwalimu anavyoangalia wanafunzi. Bibi alifanya hivyo. Mama yake Bibi alifanya hivyo. Wafinyanzi wote wa pale walifanya hivyo. Vyungu mbele, mama nyuma.

Tumpe alikaa mbele, katikati ya mitungi.

Upepo haukuja. Walingoja. Haukuja. Tanga likaning'inia.

"Leo hatuuhitaji," alisema Mama. "Leo tuna injini."

Akavuta kamba.

Krrr! Kimya.

Krrr... VWIIIIIII!

Haikusema tu-tu-tu. Ililia! Povu likaruka, tone la maji likampiga Mama usoni. Na Tutafika?

Tutafika ilisimama pale pale.

Mama akaizima. Akangoja. Akavuta tena.

VWIIIIIII!

Pale pale.

Akavuta tena, na tena. Mkono wake ulipata alama nyekundu ya kamba.

VWIIIIIII!

"Kaka yangu yuko mpungani, anafukuza ndege," Mama alisema. "Ni mbali. Soko halitungoji."

Hakukasirika. Hakulia. Aliinama tu, akaokota kasia.

Chubwi... chubwi... chubwi...

Mashua ilikuwa nzito, imejaa vyungu. Na njia ilikuwa ndefu, kwenda na kurudi.

Mikono imechoka. Mgongo umechoka. Hata kivuli chake kimechoka. Na ilikuwa asubuhi bado!

Tumpe aliona vyote hivyo. Leo Mama hatafika na jua, aliwaza. Leo tena konokono hatasema neno.

Akachukua kibuyu cha maji ya kunywa. Akatambaa polepole, akapita katikati ya vyungu, mpaka nyuma kwa Mama.

"Kunywa, Mama."

"Ahsante, mwanangu." Mama akanywa. Gu, gu, gu.

Tumpe akachungulia nyuma ya mashua. Chini ya injini palikuwa na pangaboi, lile panga la kuzunguka ndani ya maji, linalosukuma mashua.

Lakini pangaboi halikuwa ndani ya maji. Bawa lake moja lilikuwa nje. Lilichungulia, kama sikio la kiboko.

"Mama! Pangaboi linachungulia!"

"Linachungulia nini?"

"Linatuchungulia sisi! Haliko majini!"

Mama akageuka, akainama. Kweli. Panga lilikuwa linakata hewa tu.

"Jana lilikuwa ndani," alisema Mama. "Jana lilisukuma vizuri. Leo lina nini?"

Tumpe akafikiri. Akafikiri mpaka akatoa ulimi.

"Mama, jana Mjomba alikaa hapo ulipokaa wewe."

"Ndiyo."

"Mjomba ana tumbo."

Mama akamtazama Tumpe. Midomo yake ikaanza kucheza. Kisha akacheka. Akacheka mpaka akaweka kasia chini. Tumpe hakuwa amesikia kicheko kile siku nyingi.

"Tumbo!" alisema Mama. "Aa, kaka yangu! Alipokaa, nyuma kulizama. Mimi nikikaa hakuzami. Sasa hapa ziwani, tumbo la Mjomba tutalipata wapi?"

Tumpe akaangalia mbele. Vyungu kumi na viwili vilikuwa vimekaa kimya kwenye nyasi. Mitungi minne ilikuwa imetunisha matumbo yake.

"Hilo hapo," alisema Tumpe. "Tena yapo mengi."

Mama aliacha kucheka.

"Vyungu hukaa mbele, Tumpe. Bibi aliviweka mbele. Mama yake Bibi aliviweka mbele."

"Bibi alikuwa na injini?"

"Hakuwa nayo."

"Na mama yake Bibi?"

Mama akaokota tena kasia. Alipiga kasia mara sita, mashua ikarudi kwenye maji mafupi karibu na ufukwe. Akashuka. Maji yalimfika magotini.

"Nyie!" Bibi aliita kutoka mchangani. "Mmesahau nini?"

"Tunahamisha vyungu, Mama! Vinakuja nyuma!"

"Nyuma? Tangu lini?"

"Tangu leo!"

Bibi alishika kiuno. Kisha akapandisha kanga yake, akaingia majini na fimbo yake. "Basi ngojeni," alisema. "Vikivunjika, vivunjike mimi nikiwepo."

Bibi alishika mashua isitikisike. Tumpe alitoa vyungu mbele, Mama akavipokea, akavipanga nyuma. Mitungi kwanza.

Mtungi wa kwanza. Taratibu. "Shika, Mama." "Nimeshika."

Mtungi wa pili. Taratibu. "Shika, Mama." "Nimeshika."

Wa tatu. Wa nne. Tumpe alihema.

Chungu. Chungu kingine. Na kingine. Mikono ya Tumpe ilianza kuuma.

"Umechoka?" aliuliza Mama.

"Kidogo," alisema Tumpe. "Lakini tutafika."

Bibi aligeuza uso upande wa ziwa. Labda jua lilikuwa linampiga machoni.

Vyungu vidogo vikabaki mbele. Vikubwa vyote vikawa nyuma. Na pangaboi?

Pangaboi likashuka. Likashuka tena. Chubwi! Likazama, halikuchungulia tena.

Mama akapanda. Bibi akaisukuma mashua kwenye maji marefu kidogo. Mama akashika kamba. Tumpe akafumba macho.

Krrr! Kimya.

Krrr! Kimya.

Krrr...

Tu-tu-tu-tu-tu!

Tutafika ikaondoka! Maji yakapasuka mbele, fyaaa! Bibi akabaki majini, kanga imelowa, anapunga fimbo.

"Vyungu nyuma!" alipiga kelele. "Laiti ningejua mapema!"

Njia nzima, kasia lilikaa bila kazi. Mama alishika usukani wa injini kwa mkono mmoja. Mkono mwingine aliuweka mapajani. Aliutazama mkono ule, kana kwamba hajui aufanyie nini.

Sokoni watu walinunua vyungu. Walinunua na mitungi. Mama muuza mihogo alimpa Tumpe kipande cha muhogo wa moto, kwa sababu ya koti lake refu.

Mtungi mmoja tu haukununuliwa. Mdomo wake ulikuwa umepinda. Watu waliutazama, wakauacha.

"Pole, mtungi," alisema Tumpe.

Wakati wa kurudi, Mama alikaa nyuma. Tumpe akachungulia.

"Mama, linachungulia tena! Vyungu vimekwisha!"

Mama akawaza. Kisha wote wawili wakautazama ule mtungi wenye mdomo uliopinda.

Waliuweka nyuma kabisa. Waliujaza maji ya ziwa, kata moja baada ya nyingine, mpaka ukajaa pomoni.

Pangaboi likashuka. Chubwi!

"Huu hatuuzi tena," alisema Mama. "Huu ndio Tumbo la Mjomba."

Tu-tu-tu-tu-tu!

Upepo ulikuwa umelala. Tanga lilikuwa limelala. Lakini Tutafika ilikwenda.

Walifika na jua! Jua lilikuwa bado juu ya ziwa. Kuku walikuwa bado wanaparua uani.

Ufukweni walisimama Bibi na Mjomba Lwitiko. Mjomba alikuwa amekuja kutoka mpungani, mbio, baada ya kusikia kwa watu kwamba asubuhi injini ilikataa. Alikuwa anahema.

"Injini imekubali?" aliuliza.

"Imekubali tumbo lako tu, kaka," alisema Mama. Akamwonyesha mtungi.

Mjomba aliutazama mtungi. Akalitazama tumbo lake. Akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Nilipima nikiwa nimekaa mimi!" alisema. "Ubao uko juu mno! Nisamehe, dada. Kesho asubuhi naushusha."

"Kesho ni Jumapili," alisema Bibi. "Kesho unalala. Jumatatu utaushusha."

"Na mtungi?" aliuliza Tumpe. "Ubao ukishuka, mtungi tutautupa?"

"Tumbo la Mjomba litupwe?" alisema Mjomba. "Aa! Litakaa humo kwa heshima."

Jioni ile walikula wali na samaki, nje, kabla taa haijawashwa. Mama aliosha vyombo. Hakukaa chini mara moja. Aliimba kidogo.

Kisha ukafika wakati wa kulala.

"Mama," alisema Tumpe, "konokono."

"Konokono alitoka asubuhi kutafuta nyumba," alisema Mama. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliye macho. "Akaenda, akaenda. Akafika kwa chura. Akasema, si hapa."

Tumpe alikuwa amebeba vyungu leo. Alikuwa ameamka mapema leo. Macho yake yakaanza kushuka.

"Akaenda, akaenda. Akafika kwa kuku. Akasema, si hapa."

Macho yakashuka zaidi. Usilale, Tumpe! Usilale!

Mama akanyamaza. "Nikumalizie kesho?" aliuliza.

"Hapana!" Tumpe alishika kope zake kwa vidole. Akazivuta juu. "Niko macho! Endelea, Mama!"

Mama akacheka polepole. Akamsogeza karibu.

"Jua likazama. Konokono akasimama. Akasema..."

"Akasema nini?"

"Akasema, nimechoka. Nitalala hapa hapa. Akakunja kichwa chake. Akakunja mkia wake. Akaingia ndani ya gamba lake. Ndani palikuwa na joto. Palikuwa pakavu. Palimtosha kabisa. Akasema, kumbe! Nyumba yangu ni hii."

Tumpe alifikiri.

"Alikuwa nayo siku zote?"

"Siku zote."

"Ameibeba mgongoni?"

"Mgongoni, toka asubuhi mpaka jioni."

"Ndiyo maana alichoka," alisema Tumpe.

Mama alimgeukia. Alimkumbatia Tumpe kwa mikono yote miwili. Mikono ile ya udongo, ya kasia, ya kamba.

"Ndiyo maana," alisema.

"Halafu?"

"Halafu akalala."

Tumpe aliachia kope zake. Zikafunga zenyewe.

Hhhhh... pfuuu.

Na Mama?

Hhhhh... pfuuu.

Safari hii Bibi ndiye aliyekuja kuwafunika shuka, mpaka mabegani.

Ufukweni, Tutafika nayo ilikuwa imelala. Injini ilikuwa imelala kwenye kiti chake, na kandambili zake. Tumbo la Mjomba lilikuwa limelala nyuma, limejaa maji na nyota moja.

Mikono imelala. Mgongo umelala. Hata kivuli kimelala.

Na wewe, mwanangu, fumba macho. Tumefika.